Masika ya Kuchagua Baiskeli

Jumamosi, 2 Machi

Mvua ya kwanza. Imenikuta asubuhi nimetoka kununua mkate, nimevaa slipa. Nikajibanza chini ya bati la duka, nimekumbatia mkate kama mtoto. Ndipo wakapita: waendesha baiskeli kama kumi na wawili, wameinama utadhani wameangusha kitu barabarani, maji yanaruka nyuma yao. Wa nne alikuwa binti yangu.

Uso sikuuona. Nilimjua kwa shingo. Huilaza kidogo kushoto anapofanya kazi ngumu, tangu darasa la kwanza alipokuwa akihangaika na herufi. Hakuniona. Ni miezi kumi na minne sasa hajanitamkia neno.

Wiki iliyopita daktari wa presha alinipima, akaandika, akapima tena. "Mzee, tafuta mazoezi unayoyapenda," akasema, "la sivyo utakuja kutafuta dawa usizozipenda." Nilicheka kwa adabu. Leo nimeamua. Nitanunua baiskeli, ile ya mwendo, yenye usukani uliopinda kama pembe za kondoo dume. Nimenunua na daftari hili pia, nisije nikajidanganya baadaye kwamba sikusema.

Jumatatu, 4 Machi

Nimewaambia kazini. Sisi hutengeneza meno ya bandia, watu watatu katika chumba kimoja chenye vumbi jeupe hadi kwenye nyusi. Mwenzangu anayemimina vielelezo vya vinywa kwa plasta tunamwita Plasta. Aliweka bakuli chini, akaniangalia kutoka kichwani hadi miguuni.

"Kaka, miaka hamsini na miwili, unataka kuvaa kaptula ya kubana? Watu watadhani umechanganyikiwa au umepata mchumba."

Sikumwambia habari ya binti yangu. Nilimwambia habari ya presha.

Jumamosi, 9 Machi

Nimekwenda kwenye duka la baiskeli lililo nyuma ya soko. Mwenye duka ni mwanamke wa makamo, mwembamba, mguu mmoja anauburuta kidogo. Zamani alikuwa akishindana. Watu wote humwita Spoki na yeye huitika.

"Unataka ya nini?" akaniuliza.

"Mazoezi ya wikiendi. Barabara ya lami tu."

"Peke yako au na watu?"

Nilikawia. "Na watu."

"Wanakwenda kasi?"

"Sijui. Bado hawajui kama naja."

Akacheka, akanisimamisha ukutani, akanipa kitabu kigumu nikibane juu kabisa katikati ya miguu, akapima kutoka kitabuni hadi sakafuni, akapiga hesabu. Hamsini na nne, akasema. Hiyo ndiyo saizi ya fremu yangu. Nimeishi miaka yote hii bila kujua kwamba nina saizi ya fremu.

"Watu huja hapa wakaniuliza uzito wa baiskeli, na wao wenyewe hawajajipima," alisema. "Sikiliza. Kwanza fremu ikuenee. Kiatu kizuri cha namba ya jirani hakikufikishi popote. Pili, gia nyepesi, maana mlima haujali umri. Tatu, tairi pana kidogo, barabara zetu unazijua. Mengine yote mbwembwe."

Alinitolea tatu za saizi yangu: ya bluu ya chuma, ya kijivu ya aluminiamu, na nyeusi ya kaboni, nyepesi hata unaweza kuinyanyua kwa vidole viwili. Niliziangalia saa nzima na nusu. Ya bluu ilikuwa nzuri. Ya kijivu ilikuwa nyepesi kuliko ya bluu. Nyeusi ilinitisha.

"Nitafikiria," nikasema.

"Fikiria. Lakini baiskeli yenyewe haifikirii, ikipata mtu inaondoka."

Jumatano, 13 Machi

Mvua. Meno ya mama mmoja yamerudi mara ya tatu, anasema yanagongana anapozungumza. Nimeyasaga.

Jumamosi, 16 Machi

Nimerudi kwa Spoki na maswali ishirini na matatu, nimeyaandika. Breki za diski au za kawaida. Nikibadilisha gia mlimani mnyororo utatoka? Chuma hakitaota kutu? Alijibu yote akiwa anakaza spoki za gurudumu, hakuinua kichwa. La ishirini na nne lilikuwa lake.

"Mzee wangu, unaogopa nini?"

Ile ya kijivu imeshauzwa. Mtu aliingia Jumanne, akakaa dakika kumi, akatoka nayo.

Jumapili, 17 Machi

Shemeji yangu, dada mdogo wa marehemu mke wangu, amekuja na mwavuli uliovunjika mbavu. Yeye ndiye pekee wa upande ule anayekanyaga hapa. Nilimwekea chai nikamwambia habari ya baiskeli. Nilitarajia acheke. Hakucheka.

"Unajua mwanao anaendesha kila Jumamosi," akasema.

"Najua. Niliwaona wakipita."

"Kwa hiyo unataka umfuate."

"Nataka niwe barabara moja naye. Hata nikiwa nyuma."

Alizungusha kikombe. "Na umeshanunua?"

"Bado nafikiria."

Basi akaweka kikombe chini, na sauti yake ikawa ile ya mwaka jana, ya siku za msiba. "Shemeji, ulifikiria siku kumi na moja."

Niandike, maana nimeandika kila kitu cha kijinga isipokuwa hiki. Mke wangu alikuwa na uvimbe tumboni. Daktari wa upasuaji alisema: tukimpasua anaweza kupona, anaweza kufia mezani, nusu kwa nusu, tusipompasua tunajua mwisho wake. Mke wangu alikuwa amechoka mno. Alinishika mkono akasema, "Amua wewe, mimi nitakubali." Nami nikaomba muda. Nilimwendea daktari wa pili, wa tatu. Nilimpigia simu mtu mmoja ambaye mjomba wake alipasuliwa. Nilichora mstari katikati ya karatasi, huku faida, huku hasara. Kila asubuhi nilifika wodini nikasema bado kidogo, na kila asubuhi binti yangu, ambaye ni mfamasia na alijua maana ya kila kilichoandikwa kwenye faili, alinitazama.

Siku ya kumi na moja nilitia sahihi. Daktari aliipokea karatasi, akaisoma, akaiweka juu ya meza kwa upole kama mtu anayelaza kitu kilicholala. "Wiki iliyopita," akasema, "ningeifurahia."

Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni. "Umeshamaliza kufikiria, Baba?" akaniuliza. Ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu. Tulizika siku sita baadaye.

Shemeji alipoondoka mvua ilikuwa kubwa, na mwavuli wake haukumsaidia kitu. Nilimwambia asubiri ipungue. Akasema amechoka kusubiri katika nyumba hii.

Jumamosi, 23 Machi

Mvua. Sikwenda.

Jumanne, 26 Machi

Mvua. Plasta ameniletea kaptula ya kubana, ameipata mitumbani. Inanitosha mguu mmoja.

Jumamosi, 30 Machi

Waliopita leo walikuwa wanane tu. Alikuwa wa pili. Nilisimama chini ya bati lilelile na mkate wangu. Ana nguvu. Magoti yake yanapanda na kushuka kama kitu kisichoumia.

Jumamosi, 6 Aprili

Spoki amesema hanionyeshi baiskeli tena mpaka nipande. Akanipeleka kwenye uwanja wa shule, mvua imekatika kwa muda, madimbwi kila mahali. Nilijua baiskeli utotoni, ile nzito ya kubebea magunia. Hii ya bluu ni mnyama mwingine. Ukigusa usukani inageuka, ukifikiria kugeuka inageuka. Nilianguka mara mbili, mara ya pili dimbwini, nikatoka nimelowa tope kama kiboko.

"Hujui kuanguka," Spoki akasema. "Unaanza kuanguka mapema mno. Ungojee kwanza uanguke kweli."

Nilizunguka uwanja mara sita. Ya sita nilisahau kila kitu, pengine kwa nusu dakika. Upepo ulikuwa usoni. Kisha nikakumbuka, nikashika breki.

"Utaichukua hii?" akauliza.

"Acha mvua ipungue," nikasema. "Tusije tukaiharibu."

Aliniangalia kwa namna ambayo nimeizoea. Ni macho ya watu wanaonipenda wakianza kuchoka.

Alhamisi, 11 Aprili

Kibao chetu cha rangi za meno kina rangi kumi na sita. Leo mteja alishindwa kuchagua kati ya mbili zinazofanana, nikamchagulia kwa sekunde moja, na nilikuwa sahihi. Kinywa cha mtu mwingine ni rahisi.

Jumamosi, 13 Aprili

Mafunzo uwanjani. Sikuanguka.

Jumamosi, 20 Aprili

Mvua siku tano mfululizo. Ukuta wa jikoni umeota ukungu. Spoki amesema ya bluu bado ipo, haina haraka kwa sababu watu siku hizi wanapenda nyeusi. Nikasema wiki ijayo.

Jumatatu, 29 Aprili

Shemeji amepiga simu wakati nina nta moto mkononi. Binti yangu amepata kazi katika hospitali ya nchi nyingine. Mkataba wa miaka mitano. Anaondoka tarehe kumi na nane mwezi ujao.

"Alikuambia uniambie?" nikauliza.

"Hapana. Aliniambia nisikuambie."

Nta ilikuwa imeganda kwenye kisu. Jumamosi zilizobaki ni mbili.

Jumanne, 30 Aprili

Nimetoka kazini mapema, nikaenda kwa Spoki nikipita kwenye maji yanayofika kwenye vifundo. Nilikuwa na maneno tayari: nipe ya bluu. Duka limefungwa. Karatasi mlangoni, wino umechuruzika: *Maji yameingia. Tutafungua yakitoka.*

Nilisimama pale. Nilijisikia nikianza, kama mtu anayehisi chafya inakuja: labda nisubiri kesho, labda keshokutwa, labda nipige simu. Nikajiambia hapana. Safari hii hapana. Nikavuka barabara hadi duka kubwa lenye taa nyeupe. Muuzaji mwenye tai aliniita bosi mara tisa. Ilikuwapo nyeusi, ya kaboni, imebaki moja. Saizi hamsini na nane.

"Mimi ni hamsini na nne."

"Bosi, tunashusha siti. Mwili unazoea."

Nikainunua. Ilichukua dakika kumi na mbili. Nimeisukuma mpaka nyumbani kwenye mvua, na nilikuwa na furaha, niseme kweli, kwa sababu niliamua.

Jumamosi, 4 Mei

Mvua kubwa, hakuna aliyepita. Nimejaribu baiskeli barabarani mbele ya nyumba. Hata baada ya kushusha siti hadi alama waliyoniambia, ni kama kupanda ngazi ya mtu mwingine. Vidole vinafika kwenye breki nikijinyoosha. Magoti yanauma.

Jumatano, 8 Mei

Magoti bado. Plasta amenichua kwa mafuta wakati wa chakula cha mchana. Hakufanya mzaha hata mmoja. Nimeogopa.

Jumamosi, 11 Mei

Waendesha baiskeli wale hukutana kwenye kituo cha mafuta kabla ya kupambazuka vizuri. Nilifika wa kwanza. Wakaanza kuja mmoja mmoja, taa ndogo nyekundu nyuma, wanasalimiana kwa utani. Yeye alikuja wa mwisho. Alikuwa anabonyeza tairi kwa kidole gumba alipoinua macho akaniona. Uso wake ulifungwa kama duka.

Kiongozi wao ni mama mmoja mwalimu wa hesabu, mnene kidogo, mchangamfu. "Mzee wetu, umekuja kujiunga?"

"Mkinikubali."

"Karibu sana. Sisi hatumwachi mtu."

Binti yangu alifunga mkanda wa helmeti, akapanda baiskeli. Sikumwita. Nilifikiri: yeye ndiye atakayechagua kama tunajuana au hatujuani. Akachagua.

Kwenye tambarare niliweza. Nilimwona mgongo wake, watu watano mbele yangu, shingo imelala kushoto. Barabara ilikuwa imelowa na inang'aa, na kwa dakika chache nilikuwa na nilichokitaka chote. Kisha daraja, kisha mlima. Magoti yalikataa. Walipanda, wakapungua, wakaishia kwenye kona. Nikashuka nikasukuma. Manyunyu yakaanza.

Nikasikia gia zikibadilishwa. Alikuwa anateremka kuja kwangu, peke yake. Alisimama, akaegemeza baiskeli yake kwenye ukingo wa barabara, akaishika yangu.

"Siti iko juu mno," akasema.

Maneno manne baada ya miezi kumi na sita. Alitoa ufunguo mdogo mfukoni, akalegeza, akashusha, akakaza. Nilitazama mikono yake. Ni ya mama yake.

"Nani alikuuzia hii? Ni ya mtu mrefu kuliko wewe."

"Nilichagua mwenyewe. Kwa siku moja. Dakika kumi na mbili."

Ujinga gani huu, lakini nilitaka ajue. Alisimama ameshika ufunguo.

"Hii ndiyo ungeichagua polepole, Baba."

Mvua ilimdondoka kwenye ncha ya helmeti.

"Sijarudi kukusubiri," akasema. "Nimerudi kwa sababu huzifikii breki, na juu ya huu mlima kuna mteremko mkali. Utaumia. Geuka hapa."

"Nisamehe."

"Nimejaribu. Kweli nimejaribu. Naamka asubuhi najiambia leo nimemsamehe. Ikifika mchana siuoni tena huo msamaha ulikokwenda." Alisema bila hasira, na hilo ndilo lililonimaliza, hasira ningejua pa kuishika. "Nikikuona, namwona mama akimuuliza nesi kama umefika na karatasi."

"Aliuliza?"

"Kila siku."

Sikujua. Shemeji hakuwahi kuniambia.

"Nifanye nini, mwanangu?"

"Hakuna. Kingekuwapo ningekuambia." Alipanda baiskeli yake. "Nasafiri Jumamosi. Najua mama mdogo amekuambia. Usije uwanja wa ndege. Usinifuate."

Akapanda mlima amesimama kwenye pedali, hakugeuka nyuma. Mimi niligeuza baiskeli kama nilivyoambiwa. Nimerudi nikiisukuma, umbali wote.

Jumapili, 12 Mei

Mvua.

Jumatatu, 13 Mei

Nimeharibu meno ya juu ya mtu. Plasta ameyafanya upya bila kumwambia bosi.

Jumamosi, 18 Mei

Sikwenda. Hili sikulifikiria hata kidogo. Nilikaa kwenye kiti cha jikoni. Shemeji alipiga mchana: ndege imeondoka, alikula vizuri kabla ya kuagana, mizigo haikuzidi. Nilimuuliza kama aliniulizia.

"Pumzika, shemeji," akasema.

Jumamosi, 25 Mei

Jua. Nimeipeleka baiskeli kwa Spoki, alishafungua zamani; ukutani kuna mstari wa tope unaonifika kiunoni. Aliitazama baiskeli nyeusi kwa muda mrefu.

"Kwa nini hukununua kwangu?"

"Ulikuwa umefunga."

"Siku nne tu, mzee wangu."

Amekubali kubadilishana. Ya bluu ipo, aliipandisha juu ya meza maji yalipoingia. Nilipanda, miguu ikafika, mikono ikafika, mgongo ukatulia. Inanienea kabisa. Nilishuka haraka ili asinione machozi, lakini yeye alikuwa amekwenda kutafuta pampu.

Jumamosi, 1 Juni

Nimekwenda kituo cha mafuta. Sijui kwa nini. Daktari, labda. Mvua zimekwisha na Jumamosi ni ndefu.

Walinipokea vizuri. Mwalimu wa hesabu alisifu baiskeli, akakaa nami nyuma kwenye mlima ule baada ya daraja. Niliupanda wote, taratibu, kwa gia nyepesi kuliko zote. Juu tukapumzika, akanipa maji.

"Siku ile ulirudia hapo chini," akasema. "Yule dada aliyerudi kukusaidia ametuacha, amepata kazi nje. Tunamkumbuka sana."

"Alinisaidia kweli."

"Ndivyo alivyo. Akiona mtu wa umri wako anahangaika hawezi kumpita. Tulimuuliza siku hiyo kama anakufahamu, akasema hapana, ila umemkumbusha baba yake." Alifunga kifuniko cha chupa. "Masikini, alifiwa na wazazi wote wawili kwa mpigo. Mama alitangulia kwa ugonjwa, na baba naye akamfuata wiki hiyohiyo. Anasema baba yake alimpenda mkewe kupita kiasi."

Wenzetu walikuwa wameanza kuteremka. Nilimuuliza kama alisema lolote lingine juu ya huyo baba.

"Kwamba alikuwa mtu mzuri," mwalimu akasema. "Twende, mzee wetu, watatuacha."

Nikasema Mungu amrehemu. Tukateremka.